Waya wa dijitali wa stereo: koaksia, optiko, USB au HDMI?

Nyuma ya amplifaya ya kisasa kuna tundu la duara la RCA, ambalo ni la koaksia, mara nyingi lenye mzunguko wa rangi ya chungwa. Pembeni yake kuna kitundu cha mraba cha optiko chenye mlango mdogo unaojifunga wenyewe. Kuna USB, na kama stereo yako inashirikiana na runinga, kuna HDMI. Yote hayo yanapokea sauti ya dijitali, na hapo ndipo mtu anapokwama: achomeke wapi? Akishaamua tundu, anakwama mara ya pili dukani: achukue waya wa kawaida, au ule mnene uliosukwa kama nywele, ambao boksi lake linaahidi besi nzito na sauti nyororo?

Nimeunganisha na kuchomoa nyaya hizi kwa miaka mingi, nyumbani kwangu na kwa ndugu na marafiki, na msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usome ukijua niliposimama. Waya wa dijitali ulio mzima hauna ladha yake. Ukiwa mbovu, haupunguzi besi wala haufifishi sauti ya mwimbaji. Unakata, unatatarika, au unanyamaza kabisa. Hata hivyo njia hizi nne hazilingani. Zinatofautiana kweli, na tofauti hizo zinaweza kukuharibia jioni nzima ya muziki. Ila haziko pale tunapoambiwa tuzitafute.

Tutazipima kwa mambo gani

La kwanza ni kama namba zinafika zilivyotumwa. Muziki wa CD, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, ni sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, kwa chaneli mbili. Hizo ni biti 1,411,200 kila sekunde. Kila sampuli ni namba inayosema wimbi la sauti lilikuwa limesimama wapi kwa nukta hiyo ya wakati. Ili waya uongeze besi, ungelazimika kuzisoma namba hizo maelfu kwa maelfu, kuzikokotoa upya kwa utaratibu maalumu, kisha kuzituma zikiwa zimebadilika. Shaba haikokotoi, wala plastiki. Kinachoweza kutokea ni biti moja kusomwa vibaya, na kosa la namna hiyo halichagui: linaweza kuangukia biti yenye thamani ya ngazi 1, au biti ya juu kabisa yenye thamani ya ngazi 32,768. Hiyo ya pili utaisikia kama kijiti kimevunjika ndani ya spika. Ndiyo sababu waya unaoshindwa hutoa mtatariko na si "besi hafifu".

La pili ni saa. Namba zikifika salama, kigeuzi, yaani kile kifaa au saketi inayozirudisha kuwa umeme wa kuendesha amplifaya, lazima kiiachie kila moja kwa wakati wake. Fikiria mpiga ngoma anayejua mapigo yote lakini mkono wake unawahi au unachelewa kidogo sana. Huo ni mtikisiko wa saa, na ni jambo ambalo waya unaweza kuligusa bila kubadilisha hata biti moja. Kwa hiyo ndilo wauzaji wa nyaya za bei kubwa wanalolishikilia. Ni jambo la kweli, lakini lina kipimo. Eric Benjamin na Benjamin Gannon walipowasilisha utafiti wao kwa Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, mwaka 1998, wasikilizaji walihitaji mtikisiko wa nanosekunde 10 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) ili kuutambua kwenye mlio mtupu wa juu sana, na kwenye muziki halisi walihitaji makumi hadi mamia ya nanosekunde. Vigeuzi vizuri vya leo hupimwa kwa pikosekunde, na pikosekunde 1,000 ndizo hufanya nanosekunde moja.

La tatu ni umeme usioalikwa. Waya wa chuma haubebi namba peke yake. Unaunganisha pia maganda ya vifaa viwili, na uchafu wa umeme wa kimoja unaweza kuingia kwenye kingine. Kwa uzoefu wangu, hapa ndipo tofauti kubwa kuliko zote hupatikana, na ndipo watu wanapoangalia mara chache zaidi.

La nne ni umbali, na la tano ni aina ya sauti zinazoweza kupita: stereo tu, au na zile za spika nyingi, na kwa ubora upi. Mwisho kuna ushughulikaji: unakunjika, unakatika, unachomoka?

Koaksia

Mfumo wenyewe unaitwa S/PDIF, nao ulitungwa na Sony na Philips. Herufi S na P zimo humo kwa ajili yao. Waya una uzi mmoja wa shaba katikati, umezungukwa na plastiki, kisha wavu wa chuma unaoukinga. Ishara yake ni kama nusu volti tu, na ukinzani wake wa tabia unatakiwa kuwa ohm 75.

Ohm 75 ndicho kipimo pekee cha waya huu ambacho nakuomba ukizingatie. Ishara ikipita kutoka ohm 75 kwenda kwenye kitu chenye kipimo kingine, sehemu yake hurudi nyuma kama mwangwi. Kwenye waya wa mita moja na nusu, mwangwi huo huenda na kurudi kwa takriban nanosekunde 15, wakati mpigo mfupi kuliko yote wa muziki wa CD kwenye S/PDIF una upana wa nanosekunde 177. Unaona kwamba kipokezi kina nafasi ya kutosha ya kusoma. Plagi ya RCA yenyewe, kwa umbo lake, haina ohm 75 kamili. Plagi ya BNC, ile inayozungushwa na kujifunga, ndiyo inayotimiza. Kama vifaa vyako vyote viwili vina BNC, itumie. Kama havina, usihangaike na vibadilishi.

Habari njema ni kwamba waya wa video wa zamani, ule wenye plagi ya njano uliokuwa ukija na vicheza DVD, ulitengenezwa kwa ohm 75 hizo hizo. Ninao mmoja ambao umekuwa ukipeleka muziki kutoka kicheza CD hadi kwenye kigeuzi kwa miaka, plagi yake imeshapoteza rangi, na haujawahi kukata hata mara moja. Waya mwekundu na mweupe wa sauti ya kawaida pia mara nyingi hufanya kazi ukiwa mfupi, lakini haukuahidiwa hivyo, na ukianza kutatarika usishangae.

Kwenye suala la saa, koaksia hufanya vizuri. Mdundo unasafiri ndani ya ishara ile ile, kigeuzi kinauchota humo na kuusafisha, na kingo za mipigo kwenye shaba huwa kali kuliko za mwanga. Vipimo vya maabara kwa kawaida huipa koaksia alama kidogo juu ya optiko.

Umeme usioalikwa ndio udhaifu wake. Ule wavu wa chuma unaunganisha kicheza chako na kigeuzi chako, na kama kila kimoja kimefika ardhini kwa njia yake, unapatikana mzunguko unaovuma: sauti nzito isiyokoma ya hezi 50 au 60, kulingana na umeme wa mahali ulipo. Siku moja nilimuunganishia jirani runinga yake kwenye stereo kwa koaksia, na mara tu plagi ilipogusa, spika zikaanza kuvuma hata muziki ukiwa umezimwa. Tulibadilisha waya mara tatu, wa mwisho ukiwa mnene kama kidole. Mvumo ulibaki vile vile. Nilipochomoa waya wa antena nyuma ya runinga, kukawa kimya. Tatizo halikuwa ubora wa waya. Lilikuwa ukweli kwamba kuna chuma kati ya vifaa viwili ambavyo havikupaswa kugusana kwa umeme.

Umbali si shida: mita 10 za waya mzuri wa ohm 75 hupita bila wasiwasi. Zinazopita ni stereo hadi biti 24 kwa kilohezi 192, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde, pamoja na sauti za filamu za spika nyingi, Dolby Digital na DTS, zilizobanwa. Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ndugu zao wasiopunguzwa ubora, hazipiti. Kwa mkono, ni waya mgumu kuuharibu.

Inamfaa mwenye kicheza CD au kicheza muziki cha mtandaoni kilichokaa karibu na amplifaya, hasa kama hakuna kompyuta wala antena katika mnyororo huo.

(Ukikuta kifaa chenye plagi kubwa ya pini tatu ya XLR, hiyo ni AES3, ndugu wa S/PDIF wa kwenye studio, iliyotoka mwaka 1985. Inatumia ohm 110 na volti kubwa zaidi, na inastahimili masafa marefu. Sebuleni haina cha kukuongezea ambacho koaksia nzuri haijakupa, ila kama tundu lipo pande zote mbili, itumie bila hofu.)

Optiko

Toshiba iliileta mwaka 1983 kwa jina la TOSLINK. Ndani ya ganda jeusi kuna uzi wa plastiki wenye kipenyo cha milimita moja, na taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde. Chomeka upande mmoja tu, elekeza ncha ya pili kwenye kiganja chako, na utauona muziki ukiwa doa jekundu.

Namba zinazopita humo ni zile zile za koaksia. Mfumo ni S/PDIF, kilichobadilika ni chombo cha kusafiria. Kwa hiyo mtu akikwambia optiko ina sauti baridi na koaksia ina sauti ya joto, muulize biti ngapi zilibadilika njiani.

Kwenye saa, optiko inazidiwa kidogo. Taa na jicho la kuipokea haviwaki na kuzima kwa ukali wa shaba, kingo zinalegea, na mtikisiko unaopimwa huwa mkubwa zaidi. Kwenye vigeuzi vya zamani visivyosafisha saa vizuri, huenda jambo hili likastahili kufikiriwa. Kwenye kigeuzi cha leo chenye saketi nzuri ya kusafisha, mtikisiko unaobaki uko chini mno ya ule uliohitajika kwenye utafiti wa 1998.

Inachotoa badala yake ni kitu kikubwa: umeme haupiti kabisa. Hakuna chuma, hakuna mzunguko wa ardhi, hakuna mvumo wa antena, hakuna mkwaruzo wa kompyuta. Yule jirani yangu alimaliza tatizo lake kwa waya mwembamba wa optiko, akairudisha na antena mahali pake.

Umbali ndio unaoibana. Hadi mita 5 ni salama; mita 10 zinawezekana kwa waya mzuri, kwa sababu plastiki hunyonya mwanga njiani. Kwa ubora, kilohezi 96 hupita karibu kila mahali, lakini 192 hutegemea taa na kipokezi vilivyofungwa ndani ya vifaa vyako, si waya pekee. Kuna nyaya za nyuzi za kioo zinazopoteza mwanga kidogo zaidi, ila taa na jicho vinabaki vile vile vilivyokuwa, kwa hiyo usizitarajie zifanye muujiza.

Mkononi ndiyo dhaifu kuliko zote. Usiukunje kwa kona kali nyuma ya kabati, maana uzi ukivunjika ndani hutauona kwa nje. Vumbi likiingia kwenye tundu, mwanga unafifia. Plagi hushikwa na kikabari kidogo ambacho hulegea kwa miaka. Kisha kuna kofia: waya mpya huja na vikofia viwili vya plastiki vinavyong'aa kwenye ncha, na kwa kuwa havina rangi, mtu huvisahau. Plagi inaingia nusu, haishiki, sauti inakuja na kuondoka, na mwenye nyumba anaamini ameuziwa waya mbovu. Kabla ya kurudisha optiko yoyote dukani, shika ncha kwa kucha mbili na uvute.

Inamfaa mwenye runinga, mwenye kompyuta ya mezani iliyojaa kelele za umeme, na yeyote ambaye tayari anasikia mvumo.

USB

Hii ni tofauti na mbili za kwanza kwa jambo la msingi. Kwenye S/PDIF, kicheza ndicho kinachoshika saa na kigeuzi kinafuata. Kwenye USB ya namna inayotumika na vigeuzi vingi vya sasa, kigeuzi kinashika saa yake chenyewe, karibu kabisa na mahali kazi inapofanyika, na kinaiambia kompyuta iharakishe au ipunguze mwendo. Namba zinasubiri kwenye hifadhi ndogo, kisha zinaachiwa kwa mdundo wa kigeuzi. Kwa kigezo cha saa, hapo waya umeondolewa kwenye hesabu karibu kabisa.

Watu wengi hudhani USB ya muziki hufanya kama USB ya kunakili mafaili, kwamba kosa likitokea pakiti hutumwa tena. Sivyo. Sauti husafiri kwa utaratibu wa muda maalumu: kosa linaweza kugunduliwa, lakini hakuna nafasi ya kurudia, kwa sababu muziki haungoji. Hivyo waya mbovu wa USB utausikia, na utausikia kama mtatariko au kukatika, sawa na wenzake.

Umeme ndio uchungu wake, na pengine ni mbaya kuliko koaksia. Waya wa USB una njia ya volti 5 na ardhi ya kompyuta, na kompyuta ni mashine yenye kelele nyingi ndani. Ushahidi ni rahisi kuupata. Zima muziki, ongeza sauti ya amplifaya kwa tahadhari, kisha sogeza kipanya au fungua ukurasa mzito. Ukisikia mkwaruzo mwembamba unaofuata mkono wako, umeupata. Kama ni kompyuta ya mpakato, chomoa chaja usikilize tena. Mara nyingi kelele hupotea papo hapo. Tiba ni kitenganishi cha USB, au kigeuzi chenye umeme wake kilichotenganishwa ndani, au kurudi kwenye optiko. Waya wa bei ya juu si tiba, maana nao una ardhi ile ile.

Kinachopita ni kingi: vifaa vya daraja la kwanza la sauti ya USB huishia biti 24 kwa kilohezi 96, na vya daraja la pili hufika kilohezi 384 na zaidi, pamoja na DSD, mfumo mwingine wa sauti ya ubora wa juu. Kwa umbali, weka kikomo cha mita 5, na fupi ni bora.

Niongeze jambo ambalo si la waya ila huharibu zaidi ya waya wowote. Mfumo wa kompyuta hupenda kubadilisha kiwango cha sampuli na kuchanganya muziki wako na milio ya arifa kabla namba hazijafika hata kwenye tundu. Faili la kilohezi 44.1 linaweza kutoka likiwa 48 bila wewe kujua. Tazama kioo cha kigeuzi chako, kama kinaonyesha namba. Kisipolingana na faili, tengeneza mpangilio wa programu kwanza, waya uache.

Inamfaa anayehifadhi muziki kwenye kompyuta au simu na anayetaka mafaili ya ubora wa juu.

HDMI

Ilitoka Desemba 2002 kwa ajili ya picha, na sauti ilipanda humo kama abiria. Njia ya kurudishia sauti kutoka kwenye runinga kwenda kwenye amplifaya, ARC, iliongezwa na toleo la 1.4 mwaka 2009. eARC, yaani ARC iliyopanuliwa, ikaja na toleo la 2.1 mwaka 2017.

ARC hubeba karibu kile kile kinachobebwa na koaksia: stereo kamili au sauti zilizobanwa za spika nyingi. eARC inafikia megabiti 37 kwa sekunde, kwa hiyo Dolby TrueHD, DTS-HD Master Audio na Atmos isiyopunguzwa zinapita. Hakuna mwingine kati ya hawa wanne anayefanya kazi hiyo kati ya runinga na amplifaya. Kwa saa, HDMI ya kawaida ilianza vibaya, kwani sauti ilifungwa kwenye saa ya picha, na vipimo vya mtikisiko kwenye amplifaya za mwanzo vilikuwa vikubwa kuliko vya S/PDIF. Usafishaji ndani ya amplifaya ndio unaoamua. Kwa umeme, ni chuma, kwa hiyo mvumo wa antena unaweza kupita humu pia. Umbali ni mita tatu hadi tano kwa waya wa kawaida. Plagi inachomoka kirahisi ikining'inia, basi iegemeze.

Faida yake ya kila siku ni rimoti: ile ya runinga inaongeza na kupunguza sauti ya stereo, na vyote vinawaka pamoja. Na midomo ya waigizaji hulingana na maneno bila wewe kurekebisha, hasa kwa eARC. Kwa familia yenye watoto na wazee wanaotaka kubonyeza kitufe kimoja tu, hili ni jambo la uzito.

Onyo moja linalohusu HDMI na optiko pia: kama stereo yako ni ya chaneli mbili, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga na uchague PCM, yaani namba tupu zisizobanwa. Ukiiacha kwenye Dolby au "otomatiki", kigeuzi cha stereo kitapewa lugha kisichoielewa, nacho kitanyamaza au kitatoa mfoko wa kelele. Nimeona nyaya nzima zikitupwa kwa kosa hilo.

Jinsi ya kuhukumu kwa masikio yako mwenyewe

Usiniamini mimi, na usiamini boksi. Njia zipo.

Ya kwanza haihitaji masikio makali. Miaka ya 1990 zilitolewa diski za muziki za DTS, ambazo ndani yake biti zimejificha kama CD ya kawaida. Ukiwa na amplifaya inayofasiri DTS, cheza diski hiyo kupitia koaksia au optiko. Taa ya DTS ikiwaka na muziki ukatoka safi, biti zinafika zilivyo. Zikiguswa kidogo tu, kwa mfano programu ikipunguza sauti kwa ngazi moja, utasikia mfoko mtupu. Hakuna hali ya katikati.

Ya pili ni ya mwenye kompyuta yenye mlango wa kuingiza sauti ya dijitali. Rekodi wimbo mmoja kupitia waya wa kwanza, kisha wa pili, zipange rekodi zianze kwenye sampuli ile ile, geuza moja juu chini na uzijumlishe. Kikibaki sifuri tupu kwenye mstari wote, nyaya zimeleta kitu kimoja.

Ya tatu ni ya kusikiliza bila kujua. Vicheza CD vingi hutoa koaksia na optiko kwa pamoja, kwa hiyo viunganishe vyote viwili na mtu mwingine awe anabadilisha kwa kitufe cha kigeuzi, akitupa sarafu kila mara ili mpangilio usibashirike. Kaa umempa mgongo. Fanya mara 16, uandike jibu kila mara. Ukipata 12 au zaidi, umesikia kitu. Kwa kubahatisha hilo hutokea chini ya mara 4 katika 100. Binamu yangu alinifanyia hivi usiku mmoja nikiwa na hakika kwamba koaksia ina nafasi pana zaidi kati ya ala. Nilikuwa ninaisikia, kabisa, kila nilipojua ni ipi inayocheza. Alipoanza kutupa sarafu nilipata 9. Nilikaa na karatasi ile mkononi kwa muda, nikazisoma alama zangu mstari kwa mstari.

Angalizo moja: ukilinganisha milango tofauti, hakikisha sauti inatoka kwa ukubwa sawa. Cheza mlio wa kilohezi 1 na upime volti kwenye vituo vya spika. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 1 hivi, inayozidi itaonekana "bora" na sikio lako litaapa ni waya.

Kwa hali yako

Kama chanzo ni kicheza CD kilichokaa juu ya amplifaya, na kuna kimya ukisimamisha muziki, koaksia yoyote ya ohm 75 yenye plagi inayoshika vizuri inatosha. Una optiko tayari? Baki nayo.

Kama kuna mvumo au mkwaruzo, usinunue waya mnene zaidi wa aina ile ile. Chomoa antena, chomoa chaja, tambua unapotoka. Ukishindwa kuuondoa, hamia optiko.

Kama muziki wako uko kwenye kompyuta na mafaili yako yanavuka kilohezi 96, USB ndiyo njia, na fedha uliyotenga kwa waya iende kwenye kigeuzi kinachoshika saa yake na kilichotenganisha umeme. Mafaili yakiwa ya kiwango cha CD na kompyuta ikiwa na kelele, optiko inakutosha ikiwa kompyuta inayo.

Kama runinga ndiyo chanzo na una spika mbili tu, chagua kati ya optiko na ARC kwa kuuliza nani atakayeshika rimoti. Peke yako na hujali rimoti mbili: optiko, kwa ukimya wake. Nyumba nzima: ARC. Ukiwa na spika za kuzunguka chumba na filamu za diski, eARC, na waya ulioandikwa Ultra High Speed au High Speed wenye Ethernet.

Kama kifaa kiko mwisho wa chumba kirefu, zaidi ya mita 5, koaksia itafika pale ambapo optiko na USB zinaanza kusuasua. Pitisha waya mbali na nyaya za umeme, usiuviringishe uliobaki kwa kona kali, na kabla ya kufunika zulia juu yake acha wimbo mmoja mrefu ucheze hadi mwisho, wewe ukiwa kimya, ukisikiliza kama kuna popote panapokatika.